Nyonga za Mtaani Kwetu

Mdogo wangu Eliza, hiyo nyonga uliyoangukia inasemaje? Anayeandika ni mjukuu wetu Neema. Nimemkataza kuyapamba maneno yangu.

Huku Guangzhou, China, anakosoma Neema, kuna joto la kupikia ugali. Uji wao wa mchele wanautia samaki, na ni mtamu!

Jana tukiunywa, Neema alinieleza masomo yake: wanahesabu wazee wanaovunjika nyonga kila mwaka. Huku wanazidi kuongezeka. "Ila kwetu ni wachache, Bibi."

"Mnawahesabia wapi?"

"Hospitali."

Nilicheka hadi nikamwaga uji. "Mama Tabu alilala ndani mwaka mzima. Skola alikandwa mafuta, mpaka leo anachechemea. Hospitali iliwaona lini?"

Mtoto akatoa kalamu. "Wataje wote, Bibi."

Nikataja mpaka vidole vikaisha, na huo ni mtaa wetu tu. Wewe mbishi nilikutaja wa kwanza.

Kukandwa sasa basi. Huyo anayekusomea kadi hii akupeleke hospitali leo hii, mfupa upigwe picha. Gauni nililokununulia huku, soko la nguo la Shisanhang, ni refu mno, linataka mtu aliyesimama.

Nakupenda mpaka nakasirika.
Dada yako, Mama Josia