Nimemkatikia Mauno Bi Odalys

Shoga Tamsin, nimejifungia chooni. Sitoki leo.

Yale marekebisho ya katiba ya kulinda chemchemi, niliyoyakusanyia sahihi juani mwaka mzima? Televisheni imesema kura za ndiyo ni asilimia hamsini na saba. Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia.

Sasa sikia ujinga wangu. Nikavuka barabara hadi kwa jirani yangu Bi Odalys, mwenye lile bango la HAPANA mbele ya nyumba. Nikamkatikia mauno mlangoni! Nikamwambia, "Tumewashinda, meza wembe!"

Meza wembe, Tamsin! Mama wa watu, mtu mzima vile!

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapa Florida katiba haibadilishwi bila asilimia sitini. Hamkufika."

Mimi najua ya kwetu Ohio, ukipita nusu umeshinda. Na ndimi niliyekuwa nawaelimisha watu!

Nikaomba radhi, nikasema basi angalau yeye amefurahi.

"Nifurahie nini? Bango ni la mume wangu. Mimi nilipiga ndiyo, kimyakimya." Akajifuta macho kwa kanga ya jikoni. "Nilikuwa nakutegemea wewe."