Fungate na Mama Mkwe

Jumanne, 4 Februari

Shifti ya asubuhi ghalani. Viatu, viatu, viatu. Unachukua boksi, unalipiga mashine, unalirusha kwenye mkanda. Basi la kurudi kutoka Brampton lilichelewa, nikasimama kwenye theluji mpaka vidole vikafa. Nimekula mkate mkavu. Njaa sina, nimekula tu.

Denis alivunja uchumba wiki iliyopita. Kwa simu. Kitchen pati imeshapita, masufuria yamejaa chumbani mpaka sina pa kukanyaga. Eti hajisikii tayari. Nikasema sawa. Nikaenda kufua.

Safari ya fungate imebaki, hoteli hawarudishi hela. Mexico, magofu ya Wamaya. Mimi ndiye niliyeyataka, Denis alitaka bichi. Miaka mitatu nayafuatilia kwenye simu, hakuna aliyenifundisha. Namba zao nazisoma: nukta ni moja, mstari ni tano. Kihispania nimejifunza humohumo kwenye basi. Kazini nilikuwa nawasumbua watu, jamani mnajua hawa walijenga bila chuma, bila punda, bila toroli? Leo nimefungua picha ya ile piramidi kubwa. Nikaifunga. Kama naangalia picha ya friji.

Nitaenda tu. Kukaa humu ndani siwezi.

Alhamisi, 6 Februari

Mama kapiga. Mama yake Denis. Huku Toronto ndiye mama niliye naye, wangu sikumjua. Nilipofika alinivua jaketi langu la kijinga akanivalisha koti lake, akanifundisha kuvaa suruali mbili. Kila Jumamosi nashinda kwake. Ananisuka, ananisema, tunakula.

Leo hata hakusalimia.

"Nimekata tiketi."

"Ya wapi, Mama?"

"Hukohuko kwenye mawe yako. Utaenda peke yako nchi za watu, wakuuze?"

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu yale mambo. Halafu nikaelewa. Anakuja kunibembeleza nimrudie mwanawe. Jibu ni hapana. Ila nikisema hapana, na yeye ndiyo basi. Hilo ndilo naogopa. Kumkosa Denis siogopi.

Jumapili, 9 Februari

Tumefika. Joto la Dar kabisa. Chumba kina kitanda kimoja, maua mekundu yamemwagwa juu yake, taulo mbili zimekunjwa kama bata wanabusiana. Mama kasimama mlangoni na rozari yake.

"Haya. Bwana harusi nimefika."

Tulicheka mpaka mhudumu akaona aibu, akaondoka. Mama akamkunjua bata mmoja akaenda kuoga naye.

Kachukua upande wa ukutani. Anakoroma.

Jumatatu, 10 Februari

Bahari. Sikuingia. Mama kaingia na gauni lake, kanyanyua mikono kama anabatizwa.

Kila tukikaa mezani anaanza, "Sikiliza, kuna kitu..." Halafu anaomba chumvi.

Chakula kizuri, wanasema.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Mama kapigiwa simu, katoka kwenda kuongelea nje. Karudi macho mekundu. Jibu langu nimelifanyia mazoezi bafuni kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Hapana, Mama. Samahani, Mama. Nikilisema sisikii chochote.

Kesho magofu.

Jumatano, 12 Februari

Chichen Itza. Basi la watalii, halafu jua, halafu nikaiona. Ipo vilevile kama kwenye picha, ngazi pande zote nne. Nikasubiri kitu kinipande kifuani. Hakikupanda. Nikaanza kumhutubia Mama harakaharaka, kwamba ukijumlisha ngazi zote unapata siku za mwaka, kwamba kuna majira kivuli kinashuka pembeni mwa ngazi kama nyoka, kwamba ndani kuna piramidi nyingine na ndani yake nyingine tena. Yaani mdomo unakwenda wenyewe, mimi sipo. Mama anaitikia ehee, ehee, anajipepea na kofia.

Mwongozaji wetu akapiga makofi, piramidi ikajibu kwa mlio wa ndege. Kweli kabisa, mlio mwembamba. Mama naye akataka. Akapiga makofi yake ya kwaya, ikamjibu. Akapiga kigelegele. Watalii wote wakageuka.

"Mbona hiki haikijibu?"

"Haijazoea harusi, Mama."

Akaacha kucheka. Akanivuta mpaka kivulini, nyuma ya wauza vinyago. Nikalirudia jibu langu kichwani. Hapana, Mama. Samahani, Mama.

"Denis kampa mtu mimba," akasema. "Anaitwa Grace. Wa palepale kanisani. Anamuoa."

Nikabaki na jibu langu mdomoni. Halikuwa na swali.

"Sikutaka uambiwe na wale wanawake wa kanisani. Nikasema nikulete mbali, ulie huku, umalize." Akafuta uso na kanga. "Na nimekuja kukuaga. Yule anakuja kukaa kwangu. Akikukuta jikoni kwangu kila Jumamosi, nyumba hiyo haitakaa. Unanielewa?"

Namwelewa. Ndiyo ubaya wake. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Sikulia. Yeye ndiye aliyelia, mimi nikamshikia kofia. Muuza vinyago akatuletea maji, akaondoka bila kuuza kitu. Denis hakuniuma. Hii imeniuma, hapa chini ya mbavu, kama nimebeba boksi vibaya.

Halafu tukaendelea kuzunguka, kwa sababu basi lilikuwa bado. Uwanja wao wa mpira. Ukuta wa mafuvu. Shimo la maji walimotupa sadaka zao. Mama akauliza kila kitu, nami nikamjibu kila kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Ndege. Mama kalala begani kwangu njia nzima. Bega likafa ganzi. Sikulitoa.

Toronto theluji. Denis alikuwa kwenye gari nje, hakushuka. Mama akasema twende tukushushe. Nikasema napanda basi. Hakulazimisha.

Jumapili, 23 Februari

Misa ya Kiswahili. Nusura nisiende. Nikakaa nyuma. Mama yuko mbele na Grace. Nilitaka Grace awe na sura mbaya. Ana sura ya upole.

Baada ya misa chai na maandazi, chini ya kanisa. Nilipoingia wanawake wakanyamaza. Wananiangalia mimi, wanamwangalia yeye, wanasubiri. Nikaenda moja kwa moja.

"Shikamoo, Mama Denis."

Ndivyo wengine wote wanavyomwita.

"Marahaba." Akanishika mkono, zaidi kidogo ya salamu.

Nikampa Grace hongera. Akasema asante, dada. Wanawake wakarudi kwenye chai zao.

Basi la kurudi lilikuwa tupu. Barabara ya Jane yote nyeupe kwa theluji. Nimepika wali, maji yamezidi. Nimeula hivyohivyo, nimesimama dirishani.