Tulipoenda Kolwezi kumurudisha baba

Mujukuu wangu Mireille,

Huku mutaani Hewa Bora tuko bazima, ni miguu yangu tu inanisumbua. Unauliza kama utengeneze embrayage, ile klachi ya gari yako, ndiyo uende kwa baba yako aliyewaacha.

Baba yetu naye alituacha, akahamia Kolwezi. Yaya yangu Placide, kaka mukubwa, alikuwa na gari ya spoti, ya zamani, ya viti viwili. Akabadilisha diski ya embrayage, tukaenda kumurudisha. Miye ningerudi na bisi ya abiria, baba apate kiti.

Baba alitoka, akasikiliza moteri.

"Embrayage iko muzuri," akasema.

Hakuuliza habari ya mama. Akaingia ndani, akafunga mulango.

Nyumbani, mama alikuwa amemupikia. Alituona tunashuka wawili tu.

Tengeneza gari, Mireille, uende. Lakini usimwambie mama yako.

Nkambo wako,
Anastasie