Maji ya Kijani Bondeni

Kahororo, Bukoba

Kaka Damian,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Joyness na watoto wote huko Muleba. Sisi hapa hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua, maana chumba tulichopanga kina baridi.

Jirani yako Kyaruzi alinikuta Jumapili baada ya ibada akanipa salamu zako. Kasema mpunga wako wote umegeuka manjano, na kwamba unawatuliza majirani, eti ni dawa inafanya kazi. Tena unaomba nikuletee nyingine kidogo. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa sababu simu ungenikatia kama kawaida yako.

Kazi yetu watafiti wa mbegu pale bondeni, karibu na shamba lako, ndugu yangu waitu, ni kutafuta mpunga usiougua kimyanga, huo ugonjwa unaogeuza majani manjano. Kinga hiyo haipakwi wala hainyunyiziwi. Mpunga huirithi kwa wazazi wake, na ukiupata wenye nayo unauzalisha na huu wetu unaonukia, mpaka upate mbegu yenye yote mawili. Sasa utaujuaje? Unauambukiza. Tunatwanga majani yenye ugonjwa, tunachanganya na maji, tunapaka kila mche. Inayokufa, basi. Inayobaki kijani ndiyo tunayoitaka.

Mchana wa siku tuliyopaka, wenzangu walipokwenda kula, mimi nilikuwa nimechuchumaa mferejini nanawa mikono. Nikakuona unabeba ndoo ya maji yale iliyobaki, ukidhani ni dawa ya kinga, unageuka nyuma kama mwizi wa kuku. Ukapaka shamba lote, lile lile ulilotunyang'anya baba alipokufa, ukawaambia wazee wa ukoo kuwa mwanamke hana fungu bondeni. Ulipaka kwa bidii, kaka, sijawahi kukuona ukifanya kazi vile. Ningeweza kukuita. Nikaendelea kunawa.

Kimyanga hakina dawa, usihangaike madukani. Ng'oa uchome kabla hakijavuka kwa majirani, wao hawajanikosea. Mwaka huu utanunua mchele dukani kama sisi. Roho hainiumi hata kidogo, na sitajifanya inaniuma.

Mama nimemsimulia yote. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ulipaka mpaka kule ukingoni kwenye majaruba aliyokuwa akilima yeye. Nikamwambia ndiyo, mpaka kule. Jana alikula vizuri, akaomba aongezewe.

Anakusalimu sana. Nawe nisalimie wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Kokushubila