Mama Mkwe, Mchoro Wangu Una Tundu

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitaona umeninunia hukohuko uliko.

Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe, nimemkasirikia profesa wangu, na zaidi nimeikasirikia kazi hii ya anthropolojia niliyoichagua mwenyewe nikiwa na akili timamu. Kule kwetu Nambis, baba akiulizwa binti yake anasomea nini, anajibu, "Anasomea majirani." Watu wanacheka. Miaka yote hiyo chuoni, halafu nakuja kwenu Gendabi kuuliza mambo ambayo mtoto anayechunga ndama anayajua!

Wewe ndiye uliyeniharibia. Nilipofika na begi na daftari, nilitaka kuwa mgeni tu: ninywe maziwa, niandike, niondoke. Ukakataa. Ukasema mgeni hana pa kukaa ndani ya nyumba, wala hakuna anayeweza kumtuma kuni. "Utakuwa mkwe wangu. Mume tutakutafutia baadaye." Ukacheka mpaka ukakohoa. Na mimi nikafurahi, nikaandika kwenye daftari: nimepokelewa.

Wiki ya pili nikatandaza karatasi mbele ya wake wa wanao ili nichore ukoo. Pembetatu ni mwanaume, duara ni mwanamke. Nikauliza jina la baba mkwe, yaani marehemu mzee wako. Wakaendelea na kazi zao. Nikadhani hawajanisikia. Jina nilikuwa nimeshalipata kwa mwenye duka, basi nikalisoma mwenyewe kwa sauti, mara mbili, wathibitishe. Mke wa mwanao mkubwa aliziba masikio akatoka nje. Ulikuja kutoka zizini, ukasema neno moja tu: "Mgeni angesamehewa. Wewe ni mkwe." Siku tatu hakuna aliyenisemesha.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Mkwe wa kwenu hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe, wawe hai au wamekufa. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, Mama, na nikapata alama nzuri.

Ulipofariki nilipanda basi kutoka Dar siku hiyohiyo. Nililia njiani, halafu, Mungu anisamehe, nikaangalia kama kalamu ina wino. Mazishi yako yangekuwa sura nzima ya tasnifu yangu. Wakwe wenzangu wakalichukua daftari, wakanipa dumu. "Mkwe anateka maji." Wakati wanakuzika nilikuwa kwenye njia ya bwawani. Profesa aliponiuliza mazishi yalikuwaje, nikamwambia maji yalikuwa mbali. Hakucheka.

Siku hizi tumetengwa na Arusha, tunaitwa mkoa wa Manyara, na watu wa serikali wenye fomu hawaishi kuja. Wakimuuliza mke wa mwanao mkubwa jina la baba mkwe, anamwita binti yake, maana mjukuu hakatazwi, amjibie, kisha anaendelea kutikisa kibuyu cha maziwa. Mimi sina binti wa kumwita. Nina kalamu tu, na profesa.

Maana juu kabisa ya mchoro wangu kuna pembetatu na duara visivyo na majina. Mzee wako na wewe. Profesa amevizungushia wino mwekundu: "Jaza. Bila hivi haipiti." Nilimweleza. Akasema kwenye kitabu majina yatabadilishwa, lakini mchoro unaobaki chuoni lazima uwe na majina ya kweli, na kwamba mtafiti lazima ajue wakati wa kuaga nyumba za watu. Mwisho ni Ijumaa. Ningekuomba ruhusa, lakini wewe ukaona ufe kabla hatujamaliza. Kwa nini hukuniacha niwe mgeni? Mgeni angejaza akaenda zake!

Hiyo ruhusa ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Sasa nimeisoma tena tangu juu. Jina lako halimo. Hata mara moja. Hakuna aliyenikataza, nipo peke yangu mezani, na bado nimelizunguka kote.

Basi nakuahidi, Mama. Ijumaa nitaupeleka mchoro ulivyo, na chini yake nitaandika kwamba aliyeuchora ni mkwe wa nyumba hiyo. Chuoni wakikubali, nitakuja kuwasomea wakwe wenzangu, na safari hii hakuna atakayeziba masikio. Wakikataa, nitakuja vilevile. Dumu najua lilipo.

Pumzika, Mama. Nimekukumbuka kuliko ninavyotaka kukubali. Yule mume hukunitafutia, na mkwe wako nimebaki hivyohivyo.