Gauni la Damu ya Mzee

Mnero, Nachingwea
3 Juni 2024

Shemeji Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani yako haijagoma. Huku mwili unatembea, nashukuru. Macho ndiyo yanayoniaga. Daktari anasema ni presha ya macho. Pembeni pameshazimika, nimebaki kuona katikati tu kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na hapo katikati penyewe rangi zote zimekuwa majivu. Ukiona mistari inapandana, usinicheke.

Najua namba yangu umeifungia miaka mingi. Ndiyo maana nimempa Hemedy, kondakta wa basi la asubuhi, bahasha hii akuletee mkononi. Ndani kuna flashi. Ni ile filamu yangu, Ungo. Usiitupe kwanza.

Kuna watu wa Dar es Salaam wanaohifadhi filamu za zamani. Walichukua kanda yangu, fundi wao akaihamishia kwenye kompyuta, na sasa wanataka nisaini kwamba nakala inafanana na kanda. Nikishasaini, nakala hii ndiyo watakayoiona watu mpaka mwisho wa dunia. Nisaini vipi kitu nisichokiona? Lile gauni alilovaa marehemu mke wangu Eva ulilishona wewe. Hakuna anayeijua rangi yake kukuzidi. Nakuomba uiangalie rangi tu, uniambie.

Sijasahau mwaka ule tulipoionyesha kwenye ukumbi wa parokia. Nusu ya Mnero ilitoka nje, na wa kwanza kusimama ulikuwa wewe. Dakika kumi na moja za dada yako akipepeta ufuta, na miezi mitatu baada ya kumpiga picha ile tulikuwa tumeshamzika. Padri alisema ni sala. Wazee walisema nimemuuza mke wangu. Sikuombi uipende, shemeji.

Ni mimi shemeji yako,
Kasmiri


Ruangwa
21 Juni 2024

Shemeji Kasmiri,

Milele amina. Nimepokea salamu zako na mimi ni mzima, ila miguu inavimba jioni. Pole na macho. Pole hiyo naitoa kwa moyo, usidhani nakusuta.

Flashi nimeipata. Iko kwenye kopo la vifungo, sijaitazama. Hivi wewe huoni aibu? Dada yangu moyo umemjaa maji, hawezi kupanda hata ngazi mbili, na wewe mumewe unasimamisha kamera mbele yake apepete ufuta. Hukumpokea ungo. Nimesema msibani na nasema leo: mimi ningekuwepo siku ile, ningeivunja hiyo kamera kwa mtwangio.

Nitafikiri. Usinisumbue.

Dorotea


Ruangwa
14 Julai 2024

Shemeji,

Salamu. Ufuta wa huku umeshaingia mnadani, watu wana furaha kidogo. Mimi mzima.

Nimeitazama. Mara nne, kwenye televisheni kubwa ya mwanangu Edwin. Umeniomba rangi, nitakupa rangi, lakini fundi wako nitamsema yote, maana mtu aliyeharibu nguo ya mteja haambiwi amekosea kifungo kimoja.

Kile kitambaa cha gauni mabaki yake ninayo. Fundi hatupi vipande. Nilikileta mbele ya televisheni, nikakishikilia pembeni ya bega la Eva. Kitambaa ni damu ya mzee, ile iliyokolea. Kwenye picha yako dada amevaa rangi ya chungwa lililooza. Na ngozi yake imekwenda njano kama ya mtu mwingine.

La pili. Fundi amefuta chenga. Naam, picha haina chenga, imetulia. Lakini makapi ya ufuta nayo yalikuwa madogo madogo, yakaonekana ni chenga, akayafuta pamoja. Dada yangu anapepeta hewa! Ungo unapanda, unashuka, hakuna kinachoruka. Na lile kovu lake la tetekuwanga juu ya nyusi limelainishwa, uso kama wa bibi harusi wa studio.

La tatu. Ameondoa mvumo, na pumzi za Eva zimeondoka nazo. Mimi pumzi zile ndizo zilizonitoa ukumbini, nilishindwa kuzisikiliza. Sasa nimekaa nazitafuta, hazipo. Nililia, shemeji.

La nne, na hili ndilo kubwa. Picha imekatwa juu na chini ili ijae kwenye televisheni za siku hizi. Dada hana miguu. Kwenye dakika ya saba anainua uso, na chini kunatokea ncha za vidole, kisha zinapotea. Mkono wenyewe umekatwa. Alikuwa anafanya nini na mkono ule? Mimi najua. Alikuwa anakuambia zima.

Mwambie arudie, na kingo zote ziwepo.

Dorotea


Mnero
25 Julai 2024

Shemeji Dorotea,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeisoma barua yako siku mbili, neno kwa neno, kwa tundu langu la ufunguo. Asante. Hakuna aliyewahi kuitazama filamu yangu hivyo, hata walioisifu.

Rangi nitawaambia waitengeneze kwenye hiyohiyo nakala, wana namna yao. Kingo tuziache. Nilikuomba uangalie rangi, kingo sikukuuliza.

Kuna sababu, na ni aibu yangu. Kanda niliitunza ghalani ndani ya debe la salfa, ileile tunayopulizia mikorosho. Nilijiambia mchwa hawali salfa, panya hagusi salfa. Miaka ishirini na miwili nikajiona nina akili. Fundi ameifungua, anasema salfa yenyewe ndiyo iliyoila. Vyuma vimeoza, utepe unamomonyoka. Ikipita kwenye mashine mara moja zaidi huenda isirudi. Tusiiue kwa ajili ya miguu.

Mikorosho imeanza kutoa maua, nasikia harufu yake hata kama siyaoni. Nisalimie Edwin.

Shemeji yako,
Kasmiri


Ruangwa
2 Agosti 2024

Shemeji,

Sitaki salamu ndefu. Unaogopa nini? Mwongo huogopa kivuli chake, walisema wakubwa, na wewe unaogopa mkono wa mgonjwa. Mkono ule ukionekana mzima, kila mtu atajua Eva alikukataza na hukusikia. Ndiyo maana unataka ubaki umekatwa.

Kanda ikifa, ife ikisema kweli. Ukisaini hii ya chungwa lililooza, usiniite shemeji tena. Nitajua kwamba Eva alifariki na ndoa ikaisha hapo.

Dorotea


Mnero
9 Septemba 2024

Shemeji Dorotea,

Amani kwako. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa Dar. Nilitaka niwepo.

Kanda imerudiwa. Safari hii nilimwambia fundi asifute kitu, asikate kitu. Ilipita vizuri hadi dakika ya tisa, halafu tukasikia mlio kama wa kuchana kanga. Imekatika na kusagika humo ndani. Walinipa kiganjani vumbi la njano. Dakika mbili za mwisho zitabaki zile za nakala ya kwanza, hakuna njia nyingine.

Nakutumia flashi mpya. Karatasi sijaisaini, nakungoja wewe. Lakini nakusihi kama mtu mzima mwenzako: tazama rangi, sikiliza pumzi zake, kisha zima kabla ya dakika ya saba. Sema gauni limetoka sawa, inatosha. Huu si ujanja.

Shemeji yako,
Kasmiri


Ruangwa
17 Novemba 2024

Shemeji yangu Kasmiri,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua unahesabu wiki tangu barua yako. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nashindwa kuandika.

Sikuzima kabla ya dakika ya saba. Ningezima vipi, mimi niliyekutukana ili niione?

Mkono wake umeonekana wote. Kiganja kinaangalia chini na vidole vinakunjuka, vinakunjika. Hamwambii mtu zima. Anamwita mtu aje. Na anacheka, Kasmiri. Mgonjwa wa vile, anacheka na meno yote.

Chini ya picha, pale palipokuwa pamekatwa, kivuli kinaingia kwenye ua. Cha mwanamke, amebeba furushi kichwani, na kwenye furushi imechomoza rula ya kushonea. Nimemtazama mpaka nikajua hata namna nilivyojifunga kanga. Kile kivuli ni mimi.

Nilikuja siku ile. Sijamwambia mtu, hata marehemu mama. Nilishuka kwenye gari na furushi langu, nimejiandaa kukaa mwezi mzima nimuuguze. Nimeingia kwa nyuma ya nyumba, nakuona mgongo wako na kamera, namwona yeye anapepeta. Nikapandwa na hasira. Nikasema moyoni, kama ana nguvu za kupepeta apigwe picha, basi hanihitaji. Mkono nilidhani anaondoa makapi usoni. Sivyo, hapana, nisiongope tena. Niliuona unaniita. Nikageuka. Nilitembea mpaka barabarani na furushi langu, nikarudi Ruangwa, nikasubiri aje kuniomba radhi. Kilichokuja ni habari ya msiba.

Miaka ishirini na miwili nimekuita muuaji kila penye watu wawili. "Ningekuwepo." Nilikuwepo.

Nipige, nifungie namba, lolote utakalo. Sina la kujitetea.

Dorotea


Mnero
26 Novemba 2024

Shemeji Dorotea,

Milele amina. Barua hii ni ya mwisho kuiandika kwa mkono wangu, tundu la ufunguo linaziba. Naandika kwa kupapasa ukingo wa karatasi kwa kidole.

Nilijua. Kwenye kitundu cha kamera nilikiona kivuli kinaingia, nikamwona Eva anaita, nikakiona kinageuka. Nilidhani umekwenda kuweka mzigo. Nilipozima kamera nikatoka kukutafuta, hukuwepo. Eva akaniambia, "Alikuwa Dorotea. Ana hasira zake, zitapoa. Usimwambie nilimwona, ataumia." Nikaapa.

Ile televisheni ya parokia ilikuwa inakula kingo za picha, kivuli hakikuonekana, sikuhofia. Na wewe ulitoka mapema. Watu wa Dar walipokuja, ni mimi niliyemwambia fundi akate chini. Lile la salfa lilikuwa kweli, lakini lilinisaidia kujificha. Nilidhani nitatunza kiapo na filamu pia. Sikujua jicho lako litahesabu hata vidole. Ulipotaka kuvunja undugu ndipo nilipokivunja kiapo, na Eva anisamehe.

Usijibebeshe peke yako. Mimi niliona mke wangu anahema nikaona mwanga umekaa vizuri. Wewe uligeuka dakika moja, mimi nilisimama zote kumi na moja. Ungo alinikataza nisiupokee, ni kweli, alitaka amalize mwenyewe ufuta wake. Lakini nilipaswa kuupokea.

Sasa nijibu lile nililokuuliza tangu mwanzo, maana karatasi bado inanisubiri. Gauni limetoka sawa?

Shemeji yako,
Kasmiri


Ruangwa
3 Desemba 2024

Shemeji,

Tumsifu Yesu Kristo. Atakayekusomea barua hii mwambie asome polepole.

Limetoka. Nilikishika kitambaa mbele ya televisheni asubuhi, nikakishika tena mchana mwanga ulipobadilika. Ni damu ya mzee, ileile. Makapi yanaruka. Kovu lipo. Pumzi zipo, nimezisikiliza hadi kanda inapokatika, sikutoka. Saini.

Kile kipande cha gauni nimekishonea hapa chini ya karatasi, kwa mshono wa mkono ili sindano ya mashine isikitoboe sana. Pitisha kidole. Pale ukingo unapopinda ndipo nilipokatia mkono wake wa kulia.

Jumamosi nakuja na basi la Hemedy. Nitaingilia mlango wa mbele.

Dorotea