Sauti Yako Kwenye Nguzo Zote

Mama Nafula, mke wangu uliyetangulia bila kuaga,

Kwanza nikukumbushe kwamba katika Nairobi hii yote hapakuwahi kuwa na fundi aliyeiweza ile sinema ya magari kama mimi. Magari yalijaa uwanjani yakiutazama ule ukuta mweupe, kila moja na spika yake imening'inia dirishani, na spika zote zilinena kwa sababu ya mikono yangu hii miwili. Fundi alikuwa mmoja tu.

Haya, acha kunikazia macho. Tulikuwa wawili, na yule wa pili ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilishika bisibisi, nikapanda ngazi, nikaipangusa projekta, nikajipa cheo. Lakini kazi ya sauti ilikuwa yako, na leo nakuandikia habari ya sauti. Nivumilie mwandiko. Unajua shule niliiacha darasa la tano, mwalimu na mimi tukakubaliana kupumzishana.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa wa kioski cha chai pale uwanjani. Mimi kila jioni, kabla lango halijafunguliwa, nilizunguka nguzo kwa nguzo, ambako spika zilitundikwa, kusikiliza kama ni nzima, nikiwa nimefungulia muziki wa redio. Na muziki ni mwongo, unaficha mkwaruzo. Sauti ya mtu haifichi kitu. Ndipo nikakuita chumba cha mashine, nikakukalisha mbele ya maiki.

“Niseme nini?”

“Chochote.”

“Chochote ndiyo nini?”

“Ongea tu, dada, mpaka nimalize nguzo.”

Nikatoka. Nguzo ya kwanza, kimya. Ya pili, unapumua. Ya tatu, ulimi ukafunguka, na uwanja mzima ukasema, “Wewe kijana wa suruali fupi, tembea upesi, chai yangu inapoa.”

Tangu jioni hiyo ukaongea, nami nikatembea. Nikiridhika nainua mkono, spika ikikwaruza nafunga kitambaa kwenye nguzo. Ulinisimulia barua za mama yako kutoka Bungoma. Ulinisema kwa mwendo wangu. Ulimwomba Mungu anipe akili, na wafagiaji wakaitikia amina. Mimi sikuweza kujibu, maana maiki ilikuwa moja na ilikuwa kwako. Wanaume wengi wa mtaa wetu wa Makongeni wameishi hivyo hivyo, lakini mimi tu ndiye niliyelipwa mshahara.

Hata nilipokuomba tuoane ulinyamaza, ukaosha vikombe. Kesho yake niko safu ya katikati, natega sikio, nguzo zote zikasema, “Yule fundi, nimekubali. Ila suruali ibadilishwe.” Wafagiaji wakapiga ndoo. Mimi nikainua mkono, kama ilivyo desturi, kuonyesha nimesikia vizuri.

Baada ya ndoa ukaanza kuzitibu spika zenyewe. Zile karatasi za ndani zilichanika kwa mvua, na kwa madereva waliosahau wakaondoka na spika dirishani mpaka waya ukakatika. Ulizitandaza juu ya meza yetu, ukazibandika kiraka cha karatasi laini kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Gundi ya dukani ilikuumiza kichwa, ukapika yako kwa unga wa chapati. Ikashika vizuri mno. Mende nao wakaipenda mno. Jumamosi ile filamu imeanza tu, safu nzima ya nyuma ikawa bubu, magari yakapiga honi na kuwashawasha taa kama harusi. Nilipofungua spika ya kwanza mende akatoka ameshiba, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwake bila hodi. Ukahamia rangi ya kucha, nyekundu kwa sababu ndiyo uliyokuwa nayo. Nikawa fundi ambaye spika zake zimepaka rangi ya midomo.

Sinema ikafungwa. Ukuta mweupe ukabomolewa, na siku hizi pale ni maghorofa, watu wanaanika shuka pale nilipokuwa nikitembea. Wenzangu walisikitika. Mimi nilikwenda zangu nyumbani, maana sauti nilikuwa naishi nayo. Ilinisema asubuhi, ikanisema jioni. Nilidhani kitu kama hicho hakiishi.

Kisha Jumatatu moja, unachambua mboga, unanieleza jambo alilolifanya Mama Brayo wa mlango wa pili, ukaishia katikati. Nikadhani unatafuta neno.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi hii tunakufanyia kumbukumbu ya mwaka. Nafula amekuja kutoka Kisumu, na amesema anataka sauti ya mama yake isikike kanisani. Akapekua simu yako ile kabambe ya vitufe, hamna kitu. Akatafuta kwa ndugu. Kila video wewe umefunika mdomo kwa leso, eti pengo la jino. Mwisho akaipata moja ya chama chenu cha akina mama: mnaimba, na mshika simu ameielekeza kwenye sufuria ya pilau.

“Baba, wewe ulikuwa fundi wa sauti,” akaniambia. “Mama ni yupi hapa?”

Nikatega sikio. Mimi, niliyeweza kusimama langoni nikasikia spika moja inakwaruza kule safu ya mwisho. Nikamwambia arudishe. Arudishe tena. Wanawake wanaimba, wote wazuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wewe. Au wote walikuwa wewe. Mtoto ananitazama kwa yale macho yako. Nikanyoosha kidole kwenye simu, nikasema, “Huyo. Huyo anayeingia kabla ya wenzake.”

Akalia, mama. Akanikumbatia shingo. Jioni akampa kijana mmoja wa studio pale Jogoo Road aikate sauti hiyo, aisafishe, aitenge peke yake. Iko tayari. Amekwisha kunisikilizisha.

Nadhani ni Mama Brayo.

Yeye naye ni wa chama hicho, na hajawahi kungoja wenzake katika jambo lolote. Hebu fikiria: kanisa zima linamlilia Mama Brayo, na Mama Brayo mwenyewe ameketi benchi la tatu na kitambaa chake, analia kuliko wote. Nilicheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki na kikohozi.

Ningemwambia Nafula kwamba sina hakika. Nimefungua mdomo mara kadhaa. Lakini yeye anaamini kwamba akisahau, baba yake anayo, imehifadhiwa mahali salama. Nikisema sijui, atajua kwamba hata kwangu haipo. Na mimi nitakuwa nimelisema kwa kinywa changu.

Juzi nilivuta ile spika moja tuliyobaki nayo chini ya kitanda, nikaiweka sikioni. Haina waya, haina lolote. Mama Brayo akachungulia mlangoni.

“Mzee, kuna habari gani huko?”

“Bado natafuta stesheni.”

“Ukiipata uniite, nisikie mpira.”

Akaenda zake akicheka, nami nikamsikiliza anavyocheka, nilinganishe. Sikupata jibu. Mwanamke huyu alikuletea uji mwaka ule wa homa yako, amenifulia mashati ya matanga, na mimi sasa namsikiliza kama mwizi.

Usingizini unakuja, hilo sikunyimi sifa. Mchana, nikisinzia kwenye kochi, unasimama karibu na kabati na lile gauni la buluu. Mdomo unakwenda, mikono inakwenda, unanisema waziwazi, lakini sauti hakuna. Naamka na vidole vinatafuta waya.

Basi sikiliza. Nyumba yetu ilikuwa na sheria moja tukigombana: aliyenyamaza ndiye aanze kuongea. Sheria ulitunga wewe. Ugomvi wetu wa mwisho, ule wa pazia, niliyenuna ni mimi, na nilianza mimi, hata kama nilichosema ni kuuliza chumvi iko wapi. Safari hii aliyenyamaza ni wewe. Sijakosea zamu. Hiyo nakudai, na ni deni dogo.

Kabla ya Jumamosi, nikisinzia, sema neno moja. Sihitaji liwe zuri. Niulize chumvi iko wapi, yatosha, nami nitajua cha kumwambia mtoto.

Mume wako anayekungoja kwenye kochi,

Baba Nafula